Vidonge kwenye Kopo la Peremende

Nyie chekeni tu, mie mwenyewe nimeshacheka mpaka nimechoka, lakini siku yenyewe sikucheka, wallahi, siku yenyewe nilitamani gati ya Mutsamudu ipasuke inimeze pamoja na mizigo yangu. Mpaka leo mtu akifungua kopo la peremende karibu yangu, ule mlio wa kifuniko, masikio yananipata moto. Nimewahi kuaibika mara nyingi maishani (siku ya harusi yangu niliteleza na trei zima la sambusa mbele ya mama mkwe), ila aibu ya siku ile ilikuwa na miguu, ilinitangulia kila nilipokwenda, na kila nyumba niliyofika niliikuta imeshakaribishwa kahawa.

Kwanza mjue nilivyokuwa. Mie nimezaliwa Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, nikaolewa Moroni, kisiwa cha Ngazidja, na Kiswahili hiki nilikipata Unguja kwa shangazi yangu nilipokuwa msichana, ndiyo maana maneno ya watu wote nayageuza Kiswahili, maana nikiwapa kwa lugha yetu mtaambulia nusu. Mkasa wenyewe ni wa ile miaka Ndzuani ilipojitenga. Ndege zimesimama, simu zimekatwa, dawa na mafuta haviingii kisiwani ila kwa kubahatisha, na mtu kama mie, Moroni naitwa Mndzuani, Mutsamudu naitwa mwanamke wa Ngazidja, kote nasutwa mie kana kwamba ndiye niliyevigawa visiwa kwa kisu changu cha jikoni.

Basi Jumanne moja asubuhi akabisha hodi mchuuzi wa vitambaa aliyetoka Mutsamudu, kanikabidhi barua mbili ndani ya bahasha moja. Moja ya shemeji yangu, Fundi Bacar, anayesomesha Kurani, nyingine ya daktari wa hospitali ya Hombo. Dada yangu Moinaecha, dada yangu wa pekee, aliyenilea baada ya mama kufariki, ameshikwa na mkanda wa jeshi. Mnaujua, yale malengelenge yanayoshika upande mmoja wa mwili na kuunguza kama umemwagiwa mafuta ya moto. Mtu aliyewahi kuugua tetekuwanga utotoni, vile virusi havitoki, vinalala ndani ya mishipa ya fahamu miaka na miaka, halafu siku moja vinaamka. Wengi huwashika ubavuni au kiunoni. Dada ulimshika kwenye paji la uso upande wa kulia, ukashuka mpaka kopeni, jicho likavimba likafunga.

Na jicho lile, nyie, ndilo jicho. La kushoto tangu utotoni linaona ukungu tu, anakutambua kwa sauti. Lile la kulia ndilo alilosomeshea watoto wa kike wa mtaa mzima na kushonea kofia, zile za mkono zenye vitundu vidogo vidogo. Daktari aliandika kwamba panahitajika vidonge vya kumeza vya kupambana na virusi, asiklovia, na siku tatu za mwanzo ndizo bora, baada ya hapo bado vinasaidia lakini jicho linazidi kuwa hatarini, na Mutsamudu nzima havipo hata kimoja. Malengelenge yalitokea Jumapili. Nikahesabu kwa vidole, siku ya tatu ndiyo ile.

Nilikimbia dukani kwa mwuza dawa nikiwa na kandambili za chooni. Kijana wa watu, mpole, akapekua rafu akatoa boksi la mwisho. Akanieleza taratibu: vidonge thelathini na tano, mara tano kwa siku, siku saba, asikatize hata akipata nafuu, anywe maji mengi, na saa zenyewe za kumeza kaziandika kwa kalamu juu ya boksi. "Mama, usiogope kusahau," akaniambia, "kila kitu kipo hapa juu." Barua ya daktari akabaki nayo. Sasa nyie likumbukeni hilo boksi.

Nimefika nyumbani, nimekaa, nikafungua ile karatasi ya ndani, ya Kifaransa, maandishi madogo kama chawa. Ingekuwa bora nisijue kusoma. Kumbe dawa ile haitibu mkanda wa jeshi peke yake, virusi vile vina ukoo, na ukoo wote umeorodheshwa pale: mkanda wa jeshi, hepesi ya midomo, na hepesi ya, ashakum si matusi, sehemu za siri. Nikaikunja karatasi haraka kama vile kuna mtu anachungulia.

Hapo sina budi niwaambie siri yangu nyingine. Mie tangu usichana, nikipata homa au mawazo mengi, mdomo wa juu hunitoka vilengelenge, vinakaa wiki, vinakauka, vinakwenda zao. Basi nilikuwa najipaka msindzano, ule msandali uliosagwa tunaojipaka usoni wanawake wa kwetu. Wenzangu wanapaka kulainisha ngozi, mie napaka kuziba. Miaka ishirini! Mume wangu anadhani nina mke mpenda urembo. Na wiki ile, kwa mawazo ya dada, vilikuwa vimetoka vizuri kabisa, nami nimejisiriba unene wa kidole. Sasa naona mdomo wangu na hizo sehemu nyingine zimeandikwa mstari mmoja! Nikajiuliza, nitapanda boti na watu, nitapekuliwa gatini, mtu mmoja tu anayejua Kifaransa akisoma hii, si watasema Zahara wa Moroni ana gonjwa la aibu? Au watamsema dada, mke wa fundi?

Uamuzi haukunichukua hata dakika mbili. Nikavitoa vidonge kimoja kimoja kwenye karatasi yake ya fedha, nikavimimina ndani ya kopo la peremende lililobaki la Idi, na boksi na maelezo nikatia jikoni chini ya sufuria ya wali. Viliwaka vizuri. Nikajiona mjanja, jamani, nikajipigia na makofi.

Jumatano alfajiri nilikuwa pwani ya Vouvouni, maana bandarini Moroni boti za Ndzuani hazikuruhusiwa, tukapakiwa watu kumi na wawili kwenye boti ndogo ya injini mbili. Bahari ilikuwa mbaya. Saa mbili tu tumeshaanza kutapika, huyu kulia, yule kushoto, adabu hakuna tena. Mie nikaingiwa na wasiwasi maji ya chumvi yasije yakaingia kwenye kopo, nikalitoa kifuani, nikalifungua kidogo, nichungulie tu. Kwa!

Pembeni yangu alikuwa kakaa mzee mmoja wa kanzu, Mzee Hamadi, mtu wa heshima, uso umekuwa rangi ya majivu. Akanyoosha kiganja.

"Mwanangu, nisaidie peremende moja, moyo unanichafuka."

Sasa kwetu sisi, ukishafungua kitu cha kutia mdomoni mbele za watu, unakaribisha. Hata kama ni kimoja, unakimega. Kumwambia mzee mwenye kiganja wazi kwamba hapewi, hilo halisemwi.

"Si peremende, mzee wangu."

"Kopo la peremende halina peremende?"

"Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

Pale pale ningesema ya jicho la dada yangu, yakaisha. Neno dogo tu! Lakini ile karatasi ilikuwa imenikaa kichwani, nikaona nikisema jicho wataulizia zaidi, ulimi ukateleza wenyewe: "Ya tumbo."

Loo! Watu kumi na wawili wanatapika katikati ya bahari, na mie nimesema nina kopo zima la dawa ya tumbo. Vichwa vyote viligeuka, hata vya waliokuwa wameinama nje ya boti. "Kumbe unayo, na sisi tunakufa hapa!" akalia mama mmoja. "Kitoe kimoja tu tugawane wanne," akaomba nahodha. Nikasema vimehesabiwa. Nikasema ni vya mgonjwa. "Na sisi ni nani, wacheza ngoma?" Mzee Hamadi alirudisha kiganja chake polepole akakifuta kwenye kanzu, na hilo lilinichoma kuliko maneno ya wengine wote. Nikalirudisha kopo kifuani, nikalikumbatia mpaka Mutsamudu, na katika safari ile yote hakuna mtu aliyenisemesha ila kunisema.

Tukafika alasiri. Gatini kulikuwa na wanamgambo wenye bunduki wanapekua mizigo, na mkubwa wao mwanamume wa makamo, zamani akiuza viazi sokoni, nimewahi kununua kwake. Nikamsalimia kwa jina, akajifanya hanijui. Kapekua kapu langu, hakuna kitu, kanga, sabuni, nguo za dada. Nimeshanyanyua kapu niondoke, ndipo Mzee Hamadi nyuma yangu akasema, bila hata kupandisha sauti, "Mwulizeni huyo mama vidonge alivyoficha kifuani."

Nikalitoa kopo. Mkubwa akalifungua.

"Vya nini?"

"Vya tumbo," nikasema, maana watu wa boti wote walikuwa wanasikiliza, na mtu ukishasema uongo mbele ya watu kumi na mmoja unakuwa kama umeuapia.

"Boksi lake liko wapi?"

"Sina."

"Karatasi ya daktari?"

"Sina."

Akawageukia wenzake, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Vidonge vimetoka Moroni. Havina jina. Vimewekwa kwenye kopo la peremende. Kavificha kifuani." Alivyovipanga vile, nyie, hata mie nilijishuku. Halafu akauliza, "Ulikuwa unataka kuwapa watoto wa shule?"

Gati nzima ikarudi nyuma hatua moja. Siwalaumu, miaka ile watu walikuwa wanaogopa kila kitu kilichotoka upande wa pili, na Moroni ilikuwa vile vile. "Kama si sumu, kimeze," akaniambia. Nikakimeza bila maji, kidonge kikubwa vile, kikanikwangua koo mpaka machozi yakanitoka, na kilichoniliza si koo, ni hesabu. Thelathini na nne.

Hapo nikasema kweli. Nikasema ni vya dada yangu Moinaecha, mke wa Fundi Bacar, anaumwa jicho. Ningalisema hivyo asubuhi wangalinionea huruma. Sasa walicheka. "Jicho linamezewa vidonge? Na tumbo je, utalitia matone?" Mama wa botini akapiga kelele, "Ametuambia tumbo! Sote tumesikia!" Mkubwa akaona kesi imemzidi, akaagiza aitwe dresa.

Dresa mwenyewe alikuwa mzee mstaafu, aliwahi kufanya kazi zahanati ya mabaharia, anakaa kibarazani hapo hapo bandarini, miwani imefungwa kamba. Akaja na hadhi yake. Akachukua kidonge, akakivunja vipande viwili (thelathini na tatu!), akaramba, akatema, akakisaga kati ya vidole mpaka kikawa unga, kisha akakisoma kingine namba zilizochorwa juu yake. Akatabasamu. Nikajua nimekwisha.

"Ehee! Hizi nazijua vizuri. Mabaharia wangu walikuwa wanazifuata mbali. Hizi ni za hepesi," akasema kwa sauti ya kuhutubia, "malengelenge ya huku." Na akaonyesha kwa kidevu, chini.

"Na ya mkanda wa jeshi!" nilipiga ukelele. "Ni ya mkanda wa jeshi pia!"

"Na ya mkanda wa jeshi pia," akakubali dresa, mtu wa haki, lakini nani alimsikia? Gati nzima ilikuwa inacheka. Mkubwa wa bunduki alikuwa anajipangusa machozi. "Mpisheni mama apite," akasema, "ana shida zake." Na Mzee Hamadi, aliyekaa ubavuni mwangu tangu alfajiri, nikamwona ananyoosha kanzu yake na kuikung'uta upande ule alioniegemea.

Sikuondoka mara moja, kapu langu mpekuzi mwingine alilirudia upya, nikasubiri pale karibu saa nzima. Saa nzima inatosha. Mutsamudu ya ndani ni vichochoro vya mawe, gari haipiti, watu wawili wakipishana inabidi mmoja ajibane ukutani, na habari inapita kwa kasi zaidi ya mtu. Nilipoanza kupanda kwenda kwa dada, wanawake waliokuwa milangoni walinisalimia kwa uchangamfu usio wa kawaida. "Karibu Zahara! Pole na safari! Pole sana!" Pole ile nikaijua.

Shemeji alikuwa kasimama mlangoni, anaangalia chini. Mtu mtaratibu, sijapata kumsikia akigombana. "Karibu, shemeji," akasema. "Nimesikia." Nyuma yake chumba cha darasa kilikuwa kitupu, mbao za kuandikia zimeegemezwa ukutani, na wakati ule wa alasiri watoto walitakiwa wawe wamejaa.

Dada alikuwa kalala chumba cha ndani. Nilimsahau mkubwa wa bunduki, nilimsahau dresa, nilisahau kila kitu. Upande wa kulia wa uso wake haukuwa uso. Malengelenge yameshikana kutoka kwenye nywele mpaka pembeni mwa pua, jicho limefunga kabisa, chozi la njano linatoka kwenye pembe. Akageuza kichwa kwa sauti ya hatua zangu.

"Zahara. Umeniletea nini?"

"Dawa yako, dada. Vidonge. Tuanze sasa hivi, leo siku ya nne."

"Sivinywi."

Nikadhani ni homa inasema. Nikammiminia maji, nikakaa kitandani. Akausukuma mkono wangu.

"Watoto hawakuja leo," akasema. "Hata mmoja. Mama zao wamesema wangoje kwanza wajue fundi kamletea mkewe ugonjwa gani. Miaka yote hii mume wangu hajapata kusemwa, Zahara. Nikivimeza ndiyo nimewakubalia."

Nami nina hasira za karibu, mnanijua, zikanipanda. Nikamwambia jicho linakufa na yeye anasikiliza midomo ya watu, nikamwuliza wajinga hao ndio watakaokuja kumwongoza chooni kwa mkono akipofuka, nikamwambia maneno ambayo mgonjwa haambiwi. Akaningojea nimalize.

"Na wewe," akauliza pole pole, "ulikuwa unasikiliza midomo ya nani ulipovificha kwenye kopo la peremende?"

Nilitazama lile kopo mkononi mwangu, limechorwa majani ya mnanaa, nikaelewa. Dawa haikuwa na aibu yoyote ilipotoka dukani. Iliandikwa kila kitu juu yake, na yule kijana aliniambia bila hata kupepesa macho. Aibu niliitia mie, kwa mikono yangu, pamoja na vidonge, na nikaileta mpaka kitandani kwa dada yangu.

Bado nimeinama, wakaanza kuingia wageni. Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu, na siku ile wajibu uliwavuta wengi kuliko siku zote. Wameingia wamejifunika shiromani zao nyekundu na nyeupe, wamekaa mikekani, wamejaa hadi mlangoni, kila mmoja na pole yake, na kila mmoja jicho lake liko kwenye kopo. Mbele kabisa kakaa Bibi Karima. Bibi Karima ni jirani, umri wa mama yetu, na akisema kitu kwake asubuhi, adhuhuri kimeshakuwa kweli mji mzima. Hakuzunguka.

"Hiyo ndiyo dawa yenyewe?"

Dada akageukia ukutani.

Wallahi sijui nilipata wapi. Nilisimama, nikachukua ile bilauri ya maji aliyoikataa dada, nikachovya ncha ya kanga, na mbele ya wanawake wale wote nikaanza kujifuta uso. Msindzano wa siku mbili, umekauka, hautoki kirahisi, nikasugua, ukawa unadondoka mapande mapande kifuani kwangu. Nikafuta mdomo mpaka vilengelenge vikafunguka vikatoa damu. Nikamsogelea Bibi Karima, nikainama, nikamwekea mdomo wangu karibu na uso wake.

"Angalia, bibi. Angalia vizuri, uone usihadithiwe. Hii ndiyo hepesi. Ninayo tangu nina miaka kumi na minane, huja na homa, na nimewaficheni miaka ishirini kwa msandali. Ya dada ni jamaa ya hii, ndiyo tetekuwanga aliyougua tukiwa wadogo, na wewe mwenyewe, bibi, ulikuja kumwogesha kwa majani, unakumbuka? Imeamka, imempiga jichoni. Boksi la dawa liliandikwa yote haya na mie nikalichoma kwa sababu niliwaogopa nyinyi. Nimesema uongo botini, nimesema uongo gatini, kila uongo ni wangu. Sasa akipofuka, mjue amepofushwa na mdomo wangu na midomo yenu."

Nyuma mtu alikohoa. Bibi Karima alinishika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha kama anayechagua papai, akautazama mdomo wangu huku na huku.

"Ndicho hicho tu?" akasema. "Hicho hata marehemu mume wangu alikuwa nacho. Kila akipata homa."

Kisha akamgeukia dada, na sauti ikabadilika kabisa. "Moinaecha, mwanangu, inuka. Mie ndiye niliyekuogesha ile tetekuwanga." Na kwa wale wengine, kwa ukali: "Mnakodoa nini? Leteni maji ya kunywa, mgonjwa anameza dawa!"

Dada akameza. Nililia, nikalia kwa sauti, na kamasi, na damu ya mdomo, sikujali tena nani anatazama.

Mngedhani aibu imekwisha hapo. Haikwisha! Boksi nimechoma na saa za kumeza zimeungua nalo, kilichobaki kichwani mwangu ni "mara tano kwa siku". Mara tano! Shemeji akasema hilo ni jepesi, ni kila baada ya swala. Tukaafikiana sote, tukaona hata Mungu ametupangia. Basi jioni ile kimoja baada ya magharibi na kingine baada ya isha, na kesho yake alfajiri kingine. Adhuhuri ilipokaribia tukampeleka Hombo kwa miguu, maana mafuta hamna na teksi zote zimelala, tukimshika huku na huku.

Daktari akafurahi kuona dawa, akauliza tunampa vipi. Nikajibu kwa kujiamini, kila baada ya swala. Akaweka kalamu chini. "Mama, kutoka magharibi mpaka isha ni muda gani?" Nikasema kama saa moja na kitu. "Na kutoka alfajiri mpaka adhuhuri?" Saa saba. Chumba kizima cha wagonjwa kikaanza kucheka, na muuguzi akageukia ukutani. "Kila baada ya saa nne, mama, tangu anapoamka mpaka anapolala. Swala aswali kwa wakati wake na kidonge ameze kwa wakati wake." Akauliza boksi liko wapi, halikuandikwa? Nikamwambia lilipikia wali.

Vile viwili vilivyopotea gatini akasema tumshukuru Mungu havikuwa kumi, vitaisha mapema kidogo, ila jicho atalitazama yeye mwenyewe kila siku. Na alilitazama. Siku ya tatu malengelenge mapya yakaacha kutoka. Siku ya tano ukoko. Siku ya saba kidonge cha mwisho, na jicho bado limefunga, na mie silali, kila nikifumba macho naona lile boksi linavyoungua, najiambia Zahara, umeuza jicho la dada yako kwa kuogopa kuchekwa na wasafiri kumi na mmoja. Watoto wa darasa walikuwa wamesharudi (Bibi Karima alipita nyumba kwa nyumba, sikumwomba), nilikuwa nawasikia wanasoma chumba cha nje, nami nimekaa ndani namkanda dada jicho kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

Siku ya tisa, asubuhi, nilikuwa nimemwinamia hivyo hivyo na kitambaa. Kope ikacheza. Ikafunguka uzi mdogo, jicho jekundu, limejaa machozi. Dada akanyanyua mkono, akaliziba lile la kushoto lenye ukungu, akanitazama kwa lile la kulia, akanitazama muda mrefu, mpaka nikadhani haoni kitu.

"Mbona leo hujajipaka msindzano?" akauliza.

Mpaka leo kovu liko kopeni, na jua kali linamuumiza, lakini kofia anashona. Lile kopo alilichukua yeye, anawekea sindano, na kila nikienda analitikisa makusudi nisikie. Mie dawa, hata ya kichwa, siku hizi naibeba na boksi lake na karatasi yake, mkononi, juu ya mizigo yote, na mtu akiniuliza ya nini, namwambia.